Akili Mnemba Ilipokuja Kuposa Ofisini Kwetu

Nimeandamwa tangu nilipostaafu. Wenzangu wa kazini wanataka niandike nilivyofanya kazi, eti vijana watakaoingia wapate cha kusoma. Nimewaambia sina siri yoyote. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta umri wake wote anaondoka na miwani minene na shingo inayouma, basi. Hawasikii. Na kwa kuwa siku hizi sina mkutano wa Jumatatu wa kunipotezea asubuhi, nimekaa kuandika. Habari za kupandishwa cheo nimeziacha, maana kila mara vyeo vilinifikia nilipokuwa nimeshachoka kuvitaka. Mshahara nao ni siri yangu na mume wangu, na hata yeye hakuwahi kuambiwa wote.

Kampuni yetu ni ya uwakala wa forodha, yaani tunahangaikia mizigo ya watu mpaka itoke bandarini hapa Mombasa. Siku ya kwanza nilitoka nyumbani Kibokoni kwa miguu, buibui jipya, cheti cha kozi ya kompyuta nimekitia kwenye bahasha kisije kikakunjika. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, barabara ya Digo, na mpaka leo iko palepale. Ukichungulia dirishani unaiona Marikiti yote chini yako, wachukuzi na mikokoteni yao, na siku za mananasi harufu inapanda mpaka mezani. Nikaelekezwa chumba cha mwisho. Mlangoni kulikuwa na viatu vimepangwa, ndani kumetulia, kuna baridi, zulia limetandikwa. Nikavua viatu, nikaingia, nikamuuliza kwa adabu mtu niliyemkuta, "Samahani, kibla kiko upande gani?"

Alicheka mpaka akaishika meza. Huyo alikuwa Mutiso, Mkamba mnene aliyejifunzia kompyuta kwenye ofisi za reli, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. "Dada," akasema, "hapa si msikiti. Viatu tunamvulia huyu." Akanionyesha kompyuta kubwa iliyokuwa ikinguruma pembeni. "Hapendi vumbi, hapendi joto, na akikasirika kampuni nzima inakwenda nyumbani." Kiyoyozi kilikuwa chake, sisi tulikifaidi kwa ujirani tu. Nilitahayari asubuhi nzima. Lakini ilipofika adhuhuri, Mutiso ndiye aliyesogeza meza nipate pahali pa kuswali, na upande wa kibla akawa ameshauulizia kwa mlinzi wa mlangoni.

Vijana wa leo hamjui adha ya ukungu. Kisiwa hiki kina unyevu na chumvi hewani, na disketi zetu, ambazo ndizo tulizohifadhia kazi, zilikuwa zikiota ukungu kama mkate uliosahauliwa. Nikaleta bati la biskuti, nikatia ndani mchele mkavu uliofungwa kwenye kitambaa, vile mama alivyofanya kwenye kopo la chumvi, nikaziweka disketi juu yake. Mutiso alinitania wiki nzima, akiuliza pilau itaiva lini. Kisha nikamkuta na bati lake mwenyewe, kubwa kuliko langu. Printa nayo ilipiga kelele kama cherehani tatu zikishindana. Tulichapisha programu kwenye karatasi ndefu isiyokatika, tukaitandaza sakafuni, tukapiga magoti kuisoma na kalamu nyekundu mkononi. Sehemu kubwa ya ujuzi wangu niliipata nimepiga magoti, na pengine ndiyo sababu magoti yenyewe yamekwisha.

Kazi ngumu ya kwanza niliyopewa ilikuwa foleni ya malori. Kampuni ina yadi ya makontena, na malori yaliyokuja kuchukua mizigo yalikuwa yakisongamana langoni tangu alfajiri, madereva wakigombana. Nikaambiwa niandike programu ya kuyapanga. Nikaenda kwa msimamizi wa yadi, akanieleza vizuri sana kwamba taabu yote inatoka kwa ofisi ya wateja, wao ndio wanaochelewesha karatasi. Nikarudi kwa Mutiso na mchoro wangu wa kuwabana watu wa ofisi ya wateja. Hakuutazama.

"Umeambiwa na nani?" akauliza.

"Na msimamizi wa yadi."

"Na mambo yakienda kama alivyosema, nani atalaumiwa?"

"Watu wa ofisi ya wateja."

"Ambao hujawauliza." Akachukua kofia yake. "Vaa viatu, twende langoni."

Tulisimama langoni na jua lile la Mombasa mpaka buibui likanigandia mgongoni. Tuliongea na madereva, tukaongea na karani, tukatazama. Msimamizi wa yadi hakuwa amesema uongo, karatasi zilichelewa kweli. Ila alisahau kutaja kwamba lori la shemeji yake halikuwa likipanga foleni. Watu wa ofisi ya wateja nao walikuwa na malalamiko yao, ya kweli vilevile, na vilevile yamekatwa katikati. Mutiso hakumshtaki mtu. Njiani kurudi aliniambia kwamba tungeiandika programu kwa maneno ya upande mmoja, kompyuta ingekuwa imeajiriwa na upande huo. Nilikaa nalo neno hilo.

Wakati huohuo nyumbani kukaingia posa. Kwa wasiojua desturi zetu za Mji wa Kale, posa ikija, nyumba ya binti haijibu upesi. Inaomba muda, na muda huo ni wa kumuulizia kijana. Kwetu aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa mbiomba Zainabu, dada wa mama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole iliyowafanya watu waseme zaidi ya walivyokusudia. Nilimsikia akimfunza mama ukumbini.

"Mamake kijana si shahidi, yule ni wakili," alisema. "Na yule aliyetaka kumuoza bintiye akamkosa, hatamsifu hata akiota mbawa. Lakini wote wawili wasikize. Mwenye haja si lazima awe mwongo. Jua haja yake ni gani, kisha msikize."

"Sasa tutamuamini nani?" mama akauliza.

"Ndio mana twenda wawili."

Desturi yake ilikuwa hivi. Yeye angekwenda kwa jirani wa kijana akiwa na uso wa furaha, kama mtu aliyeshakubali na amekuja kusherehekea tu. Siku nyingine angemtuma shoga yake kwa jirani yuleyule, uso umekunjwa, kama mtu asiyeitaka posa na anatafuta sababu ya kuikataa. Jirani hakujua kwamba wawili hao wametumana. Wakirudi walikaa wakalinganisha. Jirani aliyemsifu kijana mbele ya uso wa furaha na kumponda mbele ya uso uliokunjwa, maneno yake yote yalitupwa, mazuri na mabaya. "Huyo hakutwambia habari za kijana," mbiomba alisema. "Alitutizama usoni akaturudishia tulichokwenda nacho."

Kwa posa yangu mimi majirani wengi walitupwa hivyo. Akabaki kinyozi wa Majengo aliyekuwa akimnyoa kijana tangu utotoni. Yeye aliwaambia wote wawili maneno yaleyale: kijana ni mwaminifu, hasira zake ni za upesi na zinaisha upesi, na anakoroma, kwani hulala hata kwenye kiti cha kunyolewa. Nikaolewa na Hamisi. Kinyozi alisema kweli yote, hasa hiyo ya mwisho.

Nilimsimulia Mutiso, naye akaipenda desturi hiyo kupita kiasi. Tangu siku ile, kila alipokuja mtu kutuuzia mfumo mpya au mashine mpya, Mutiso alinong'ona, "Bwana harusi amefika. Rukia, kamuulizie." Mwisho chumba kizima kikawa kinasema hivyo, Waislamu na Wakristo, na wageni wakawa hawaelewi tunachekea nini.

Na mabwana harusi walikuja wengi. Zilikuja programu za kununuliwa zikiwa tayari, tukaambiwa waandishi wa programu wamekwisha. Ukaja ule mwaka wa masifuri, tukaambiwa tarehe ikigeuka kompyuta zote zitazimika, na waliopiga kelele zaidi ndio waliokuwa wakiuza dawa yake. Hapa nataka mnielewe, kwa sababu vijana mkishajifunza kushuku mnashuku hata salamu. Wauza dawa walikuwa na haja yao, na bado baadhi ya programu zetu kweli zilikuwa na kasoro ya tarehe. Tulizipekua moja moja, tukazirekebisha. Tungewapuuza kwa kuwa ni wauzaji, tungeumia. Na tungewasadiki kwa kila neno, tungetupa mashine nzima na kununua zao. Mashine hiyohiyo tulikaa nayo miaka mingine mingi, na Mutiso alipostaafu kwenda kwao Machakos kufuga mbuzi, aliiaga kwa kuigonga mgongoni kama ng'ombe. Mimi aliniachia kalamu nyekundu.

Waliokuja kufanya kazi na mimi mwishoni ni vijana wawili. Swaleh ni wa Kibokoni kama mimi, hodari sana, ila kuamka asubuhi ni vita vyake na mamake. Pendo ni Mgiriama, anakaa Majengo na mama yake mzazi na mtoto wake mchanga, na mshahara wake ndio unaowasha jiko la nyumba ile. Pendo akinyamaza ghafla mbele ya skrini, ujue ameliona kosa ambalo sisi wengine tutaliona kesho. Niliwapenda wote wawili, na sioni sababu ya kulizunguka neno hilo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini akaja bwana harusi mkubwa kuliko wote. Akili mnemba. Unamwambia kwa maneno ya kawaida unachotaka, naye anakuandikia programu. Kabla hajafika ofisini alikuwa ameshafika kwenye simu za watu wote. Kila asubuhi Swaleh alinisomea: huyu anasema muda si mrefu hapatakuwa na mwandishi wa programu duniani, huyu anasema huo ni upuuzi mtupu. Nikawa namrudishia swali la Mutiso. Umeambiwa na nani? Tukitazama, yule wa kwanza alikuwa ana kampuni inayoiuza akili mnemba yenyewe. Aliyesema ni upuuzi alikuwa na chuo cha kufundisha kuandika programu, na akikubali kwamba kazi imekwisha, nani ataingia darasani kwake? Magazeti nayo hayakutusaidia, maana habari ya kwamba mambo yatabadilika kiasi hainunuliwi na mtu.

"Na sisi?" Swaleh aliuliza siku moja.

"Sisi twaomba iwe uongo," nikamwambia. "Kwa hivyo na sisi ni mawakili. Usijisikize sana."

Alicheka, lakini mimi sikucheka. Niliogopa, nasema kweli. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni, hofu yangu ilikuwa ni ya hawa wawili. Nilimjaribu huyo bwana harusi nyumbani, nikampa kazi iliyomchukua Pendo karibu wiki nzima. Aliimaliza kabla Hamisi hajamaliza kikombe chake cha kahawa. Na ilikuwa kazi nzuri. Nilitafuta kosa kwa roho mbaya, nikapata moja dogo, nikaona haya kwa nilivyofurahi.

Kisha Bwana Faraj akaniita. Ndiye mwenye kampuni, aliachiwa na marehemu babake, na ukoo wao uko Mji wa Kale tangu babu wa babu zao walipotoka Arabuni. Ni mtu wa adabu za zamani. Hawezi kukupa kazi kabla hajakuuliza habari za nyumbani, mume, watoto, jirani, mpaka paka. Siku ile aliuliza "Habari za nyumbani?" mara moja tu, nikajua kuna jambo.

"Bi Rukia, wewe watuacha mwisho wa mwaka," alianza. "Amekuja mtu kutoka Nairobi. Asema nikinunua mtambo wake wa akili mnemba, sina haja ya kuajiri wa kukaa mahali pako."

"Hilo si baya," nikasema.

"Asema na Pendo na Swaleh pia sina haja nao."

Nje wachukuzi wa Marikiti walikuwa wakipigiana kelele za kupishana.

"Nambie kweli," akasema. "Wewe ndiye n'nayekuamini."

"Kwa hili usiniamini," nikamwambia. "Wale ni kama wanangu. Nikikwambia usinunue, hutajua kama yasema akili yangu au yasema mapenzi yangu."

"Basi nimuulize nani?"

"Nipe muda nimuulizie. Kama posa."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mama yake naye alikuwa muulizaji hodari, aliwaulizia mabinti zake wote. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi.

Nikaanza kuzunguka. Kulikuwa na kampuni moja mjini iliyonunua mtambo huohuo. Meneja wake aliusifu mpaka jasho likamtoka. Lakini yeye ndiye aliyeupitisha ununuliwe, angesemaje kwamba amekosea? Nikamtafuta kijana aliyeachishwa kazi palepale kwa sababu ya mtambo huo. Aliulaani mtambo na aliyeutengeneza. Na yeye pia, angesemaje vingine? Niliwasikiliza wote wawili kama mbiomba alivyofunza, na ninaamini kila mmoja alikuwa na ukweli wake. Nikarudi ofisini na maneno tele na hakuna la kumpa Bwana Faraj.

Habari za ofisi hazifichiki. Pendo alinifuata kwenye kijichumba cha chai.

"Bi Rukia," akasema, "tumeposwa au tumeachwa?"

"Bado naulizia, mwanangu."

"Mama ameniuliza kama mwakani nitakuwa na kazi. Nimwambieje?"

"Mwambie hivyohivyo. Bado naulizia."

Akatikisa kichwa, akaosha kikombe chake, akakiweka, akakichukua akakiosha tena. Niliumia kumtazama. Wala sikuwa na cha kumfariji ambacho mimi mwenyewe nilikisadiki.

Nilikuwa nimekaa kibarazani nyumbani, alasiri, ndipo nikamkumbuka mbiomba vizuri. Nilikuwa nimewauliza watu wote habari za bwana harusi, na huku kuna mmoja anayeulizwa na dunia nzima kila siku na mimi sijamwendea na nyuso mbili. Bwana harusi mwenyewe. Nikafungua kompyuta. Nikamwandikia kama mwenye kampuni anayetaka kupunguza watu: je, waweza kuifanya kazi ya waandishi wangu wa programu? Akanijibu kwa heshima kwamba sehemu kubwa anaiweza, akanipangia na hatua za kufuata. Nikafunga. Nikafungua mazungumzo mapya, nikamwandikia kama mwandishi wa programu mwenye hofu na mtoto mchanga: je, utanichukulia kazi yangu? Akanibembeleza. Hapana, mtu kama wewe hana mbadala.

Nikasema ngoja, maneno ya mdomoni ni rahisi, tumpe kazi. Wakati huo foleni ya malori ilikuwa ikitaka kupangwa upya, na ugomvi ulikuwa uleule wa ujana wangu. Yadi wanataka lori lililofika kwanza langoni litoke kwanza. Ofisi ya wateja wanataka lori ambalo karatasi zake zimekamilika kwanza litoke kwanza. Nikamwendea kama msimamizi wa yadi, akaniandikia programu safi na kuniambia hiyo ndiyo njia ya haki kwa kampuni kama yetu. Nikamwendea kama mkuu wa ofisi ya wateja. Akaniandikia programu ya pili, safi vilevile, kinyume cha ile ya kwanza, na hiyo nayo ndiyo ilikuwa njia ya haki. Nikacheka peke yangu kwa sauti mpaka Hamisi akatoka kuangalia kuna nini. Alikuwa ni yule jirani! Alinitazama usoni akanirudishia nilichokwenda nacho.

Sikuandika ripoti. Ningempelekea Bwana Faraj maelezo yangu, yangekuwa bado ni maneno ya wakili. Nikamwomba akae mwenyewe mbele ya mtambo, ule uleule alioachiwa na mtu wa Nairobi aujaribu, nikamweleza nyuso mbili ni zipi, nikarudi nyuma nikakaa kimya. Alikunja mikono ya kanzu. Akauliza kama yadi, akasoma. Akauliza kama ofisi ya wateja, akasoma. Halafu utundu ukamwingia. Akaandika kwamba yeye anafikiria kuyapanga malori kwa majina ya madereva, wanaoanza na A watoke kwanza. Mtambo ukamsifu kwa kupenda utaratibu, ukamwandikia programu, na mwishoni kabisa ukatia tahadhari kidogo kwa upole.

"Yuwakubali tu huyu!" Bwana Faraj akasema. "Mie jina langu laanza na F, ningekaa nyuma, na amekubali!"

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akamwita Pendo. Nilitamani kumkonyeza na sikuthubutu. Pendo akaingia, mikono ameificha nyuma.

"Foleni ya malori," Bwana Faraj akamwambia. "Ungeipangaje wewe?"

"Kwanza ningeuliza nani anayetaka ibadilishwe, na kwa nini sasa," Pendo akajibu. "Halafu ningekwenda langoni. Nimeshakwenda, kusema kweli. Kuna malori ya makontena ya baridi, yana dawa na samaki. Yadi hawayataji wala wateja hawayataji, kwa sababu ugomvi wao ni mwingine. Yakikaa juani, yameharibika. Ningeanza na hayo."

"Na kuandika programu yenyewe?"

Pendo alinitazama mara moja, kisha akamtazama yeye. "Kuandika ningempa huyu mtambo, mimi nimkague. Yuwaandika upesi, anishinda."

Mtoto huyu, nikasema moyoni, amejifukuzisha kazi kwa ulimi wake. Lakini nilipomtazama Bwana Faraj nikaona uso wake umebadilika. Mwezi mzima kila mtu alikuwa amemwambia jambo lenye faida kwa msemaji, na huyu hapa amesema la kujiumiza kwa sababu ndilo la kweli. Akamuuliza habari za mama, akamuuliza habari za mtoto, kama ameota meno, kama analala vizuri. Nikajua tumepona.

Mtambo ulinunuliwa, na ni chombo kizuri, mtu asiwadanganye. Pendo na Swaleh walibaki. Aliyekosa mahali ni yule ambaye angeajiriwa baada yangu, kwa hiyo mjue kwamba kiti changu mimi nimemwachia bwana harusi. Pendo alimpigia mama yake simu hapohapo kwenye ujia, na mimi nikaenda msalani nikafungua bomba la maji ili wasinisikie ninavyolia. Sikuwa nimejua nimebeba mzigo mzito kiasi kile mpaka nilipoutua. Siku ya kuniaga walinipeleka Mama Ngina, kule ufukweni, tukala mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, Swaleh akamwaga pilipili kwenye shati jeupe, na hotuba hapakuwa nayo, alhamdulillahi.

Nikadhani yamekwisha. Wiki chache baadaye Pendo akaja nyumbani kunitazama, mtoto mgongoni, uso umejaa furaha.

"Bi Rukia, sisi sasa tumeshapona kabisa, au sio?" akasema. "Hii kazi yetu haina wa kuigusa tena."

Niliona vibaya kumharibia furaha, lakini nilimjibu lililokuwa moyoni. Nilimwambia kuandika kwa mkono kutapungua, na sehemu ya kazi yao itakwenda, na Bwana Faraj anaweza kuja kufikiri tena. Lakini kujua nani anasema nini na kwa haja gani, na kwenda langoni kuangalia, hiyo ni kazi bado, na wao wanaiweza. "Mimi nalala vizuri," nikamwambia. "Siwaogopei."

Ijumaa baada ya swala akaja Swaleh. Uso umekunjwa, mabega yameanguka, hata halwa aliikataa mwanzoni, jambo ambalo lingenishtua mapema kama ningekuwa mwerevu.

"Bi Rukia, nambie kweli," akasema. "Tumekwisha, sivyo? Yale yote uliyafanya utuokoe mwaka mmoja tu, na moyoni wajua tumekwisha."

Nilitamani kumbembeleza. Nikamwambia lilelile: kuandika kwa mkono kutapungua, sehemu ya kazi itakwenda, Bwana Faraj anaweza kufikiri tena, na kuuliza na kwenda langoni ni kazi bado, nao wanaiweza. Kwamba nalala vizuri. Kwamba siwaogopei. Akanisikiliza mpaka mwisho, akala halwa yote, akaaga haraka.

Nilichungulia dirishani kumuona anavyokwenda. Kwenye kona ya uchochoro Pendo alikuwa amesimama akimngoja, mtoto mgongoni. Wakaweka vichwa pamoja. Swaleh alikuwa akihesabu maneno yangu kwenye vidole, na Pendo anatikisa kichwa kwa kila kidole, kama anayesema ndiyo, ndiyo, na mimi aliniambia hivyohivyo. Ndipo nilipoelewa, nikashika nondo za dirisha nisianguke kwa kicheko. Pendo akainua uso akaniona.

"Yamelingana!" akapiga kelele, mtaa mzima ukageuka. "Bi Rukia, yamelingana!"

Niliwapungia mkono mpaka wakapotea konani, kisha nikarudi ndani. Hamisi alikuwa ameshalala kitini, anakoroma, kama kinyozi alivyosema.